Ukoo wa Mbwa na Hulka Yake

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapotangazwa katika mitaa ya Kampala, foleni huanza kujipanga kabla jua halijapanda. Mzee amemleta mbwa wake wa kienyeji kwa kamba ya katani. Kijana amembeba mtoto wa mbwa ndani ya koti, kichwa tu kikichungulia. Mama mmoja amewatuma wanawe wawili, mmoja akimvuta mnyama kwa mbele na mwingine akimsukuma kwa nyuma. Sisi tuliopangiwa kulinda utaratibu wa foleni hizo tumejifunza mengi kwa kusikiliza tu, kwa maana hapo ndipo wenye mbwa wanaposimuliana habari za wanyama wao bila kuona haya.

Mazungumzo hayo karibu daima huelekea mahali pamoja. Mmoja husema mbwa wake ni German Shepherd halisi, hapendi mgeni. Wa pili hujibu kwamba huyo si kitu, yeye nyumbani anaye Rottweiler ambaye hata shemeji hathubutu kuingia uani. Wa tatu humgeukia yule mzee mwenye kamba ya katani: "Na wako, mzee, ni aina gani?" Mzee hufikiri kidogo, kisha hujibu, "Aina ya nyumbani kwangu." Watu hucheka, na foleni husogea hatua moja.

Tunayaandika haya katika jarida linalosomwa mipakani kwa sababu mbwa wanaosifiwa katika foleni za Kampala hawabaki Kampala. Wengi hupakiwa katika mabasi na malori, wakapelekwa kulinda maduka na maghala ya Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe na Elegu. Mnunuzi hulipa fedha nyingi kwa ajili ya jina la ukoo, akiamini kwamba pamoja na jina hilo amenunua pia hulka: ukali, utiifu au akili. Imani hiyo ndiyo tunayotaka kuichunguza, maana matokeo yake hutufikia vituoni, na mara nyingi hutufikia yakiwa na damu.

Kwanza, ukoo wa mbwa ni nini? Ni kundi la mbwa ambao binadamu amewachagua na kuwazalisha kwa vizazi vingi kwa ajili ya kazi fulani, mpaka sura na baadhi ya mielekeo yao ikafanana. German Shepherd, ambaye wengi wetu tunamjua kama mbwa wa kukamata wezi, hakuanza kazi hiyo. Alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Mwaka 1899, ofisa wa zamani wa jeshi la Ujerumani aliyeitwa Max von Stephanitz alimnunua mbwa mmoja wa wachungaji, akampa jina la Horand, akamfanya baba wa ukoo mzima. Sifa aliyoitafuta ilikuwa uwezo wa kufanya kazi siku nzima na kumsikiliza mchungaji. Rottweiler naye amepata jina lake kutoka mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni ya nyama. Labrador ametokana na mbwa waliowasaidia wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, kuvuta nyavu na kuokota samaki katika maji ya baridi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeumbwa ili amchukie jirani yako.

Jina linaweza kupotosha hata zaidi. Upande wa pili wa mpaka wetu wa kusini-magharibi, katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga nchini Kongo, kumekuwapo tangu mwaka 2011 kikosi cha mbwa wa kunusa nyayo za majangili, ambacho mafunzo yake yaliongozwa na daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mbwa waliochaguliwa kwanza ni wale waitwao bloodhound. Anayejua Kiingereza husikia neno "damu" katika jina hilo, akadhani ni mnyama wa kurarua watu. Kumbe ni miongoni mwa mbwa wapole kabisa: masikio marefu yanayoburuta, ngozi ya uso iliyokunjamana, na pua inayoweza kufuata harufu ya mtu mmoja saa nyingi baada ya mtu huyo kupita. Akimfikia anayemtafuta, mara nyingi hutikisa mkia, kwa kuwa kwake kazi imekwisha. Wa kumkamata jangili ni askari wa hifadhi.

Je, ina maana kwamba ukoo hauna maana yoyote? La. Anayemnunua Belgian Malinois kwa ajili ya kumfungia uani mwenye nafasi ya hatua nne amejitafutia taabu, kwa sababu mbwa huyo ana nguvu zisizoisha na akili inayodai kazi kila siku. Asipopewa kazi atajitafutia mwenyewe, na kazi atakayoipata huenda ikawa kukimbiza bodaboda. Mielekeo ya kuchunga, ya kunusa, ya kuokota na kurudisha, na ya kusikiliza amri, hutofautiana kweli kutoka ukoo hadi ukoo. Lakini ukali dhidi ya watu ni jambo jingine. Mwaka 2022 jarida la kisayansi la Science lilichapisha uchunguzi uliofanywa nchini Marekani juu ya zaidi ya mbwa 18,000, wenye ukoo na wasio na ukoo. Watafiti waliona kwamba ukoo hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kuhusu wepesi wa mbwa kukasirika anapochokozwa, jina la ukoo halikuwa na msaada wowote wa maana katika kutabiri. Yaani, mtu akikuambia tu kwamba mbwa wake ni wa aina fulani, bado hujajua kama atakuuma.

Kuna mbwa mmoja ambaye watu wa mipaka yetu wangepaswa kumjua kuliko wengine, kwa kuwa ni wa kwetu. Katika misitu ya Kongo, na kwa Wazande wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Sudan Kusini, wapo mbwa wadogo wa rangi ya kutu, masikio wima, mkia uliojiviringa kama pete, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wakifurahi hutoa sauti ya kuimba. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue walipo porini. Waingereza walipowapeleka kwao na kuwaonyesha katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937, watu walisongamana kuwatazama. Leo ukoo huo unafugwa duniani kote kwa jina la Basenji, na bei yake si ndogo. Jina lenyewe linahusishwa na neno "washenzi", tusi ambalo watu wa pwani waliwapachika watu wa bara. Mbwa aliyeitwa wa kishenzi ndiye huyo sasa ana vyeti vya nasaba. (Kwa Baganda, tukumbuke, mbwa amekuwa na heshima yake tangu zamani: upo ukoo mzima wa watu ambao muziro wao ni mbwa.) Hulka ya Basenji ni ya kujitegemea. Hujisafisha kama paka, hufikiri kabla ya kutii, na pengine hufikiri akaamua kutotii.

Wale wanaomdharau mbwa wa kienyeji wangefaidika pia kwa kufika Gulu. Huko Francis Okello Oloya, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 12 bomu lililofukiwa ardhini lilipolipuka alipokuwa akilima, alianzisha mpango uitwao Comfort Dog Project. Watu waliojeruhiwa nafsi na vita vya kaskazini, wasiopata usingizi na wanaoshtuka kwa kila sauti, hukabidhiwa mbwa wa kuwalea na kufunzwa pamoja nao. Mbwa hao si wa kuagizwa ng'ambo. Ni mbwa wa mitaani na wa vijijini, wasio na jina wala karatasi, ambao hupimwa kwanza kwa upole wao, mmoja mmoja. Anayewachagua humtazama mbwa mwenyewe. Tungependa wanunuzi wa Kampala nao wafanye hivyo.

Sasa tuseme jinsi mbwa anavyokuwa mkali, kwa maana hapo ndipo penye jambo. Mtoto wa mbwa hujifunza ulimwengu katika kipindi kifupi sana, kuanzia juma la tatu hivi la maisha yake hadi karibu na juma la kumi na nne. Watu, watoto, kuku, pikipiki, mwavuli na mavazi anayoyaona katika kipindi hicho bila kuumizwa huwa kwake mambo ya kawaida. Asiyoyaona huwa ya kuogofya. Mbwa wengi wanaouma huuma kwa hofu. Mwenye duka anayemfungia mtoto wa mbwa katika banda la giza kwa miezi sita "ili asizoee watu", kama ushauri unavyotolewa mara nyingi, humlea mwoga mwenye meno. Mnyama huyo hatofautishi mwizi na binti aliyetumwa chumvi. Ukimwongezea mnyororo mfupi, njaa, na watoto wanaomtupia mawe wakipita kutoka shule, umekamilisha kazi.

Tulifikishiwa shauri la namna hiyo kutoka mji mmoja wa mpakani, ambao hatutautaja kwa kuwa wahusika wangali majirani. Mfanyabiashara alinunua German Shepherd mchanga, akamfunga nyuma ya ghala kwa muda unaokaribia mwaka. Hakuwahi kumtembeza. Hakuwahi kumchanja, akisema kwamba mbwa wa ukoo bora haugui kama wa kienyeji. Jioni moja mnyororo ulikatika, na mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka saba akaumwa mkononi. Vijana wa mtaa walikusanyika wakampiga mbwa hadi akafa, wakamchoma moto papo hapo, kisha wakageukia ghala. Askari walipofika, mlango ulikuwa umekwisha kuvunjwa.

Hasira ya wazazi tunaielewa. Lakini tazameni kilichopotea. Mbwa aliyemuuma mtu akifungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, akabaki mzima, daktari hujua kwamba mate yake hayakuwa na kichaa siku ile alipouma. Akifa katika siku hizo, kichwa chake huweza kupimwa. Mbwa yule alipogeuzwa majivu, hakuna aliyeweza kujua lolote, na mtoto akalazimika kuchomwa sindano zote. Kilichomwokoa ni bibi yake, ambaye hakukimbilia ghalani pamoja na wengine. Alimkalisha mjukuu penye mtungi wa maji, akaliosha jeraha kwa sabuni kwa muda mrefu mtoto akilia, kisha akampakia pikipiki hadi hospitali usiku uleule.

Alichofanya bibi huyo ndicho wanachokisisitiza madaktari: jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo, kisha mgonjwa apelekwe kupata chanjo bila kungoja dalili. Kichaa cha mbwa huweza kujificha mwilini kwa majuma au miezi kadhaa, na kikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Katika karibu vifo vyote, aliyeambukiza alikuwa mbwa. Pilipili, mafuta ya taa, majani na jiwe la nyoka havifai kitu hapo, na tunasikitika kila tunapoona mtoto ameletwa siku ya tano akiwa amepakwa vitu hivyo.

Kirusi hakiulizi ukoo. Mbwa mwenye vyeti vya Ujerumani asiyechanjwa ni hatari kuliko mbwa wa kamba ya katani aliyechanjwa. Ikiwa mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo, kijiji cha upande huu kinachochanja kikapakana na kijiji cha ng'ambo kisichochanja hakijamaliza kazi, kwa kuwa mbwa huvuka kijito bila kupita forodhani. Tunawasihi wenyeviti wa LC1 na wenzao wa upande wa pili wapatane siku za chanjo zikaribiane. Pale jambo hili lilipozungumzwa baina ya majirani wenyewe, halikuhitaji mkataba wa mawaziri.

Kuhusu watoto, wafundishwe mambo machache na wayazoee. Wasimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wasimkimbie mbwa asiyewajua, bali wasimame wima kama mti, mikono ubavuni, macho chini, mpaka aondoke. Na wajue kwamba mkia unaotikisika si furaha daima: mkia uliosimama juu, mgumu, ukitikisika kwa haraka huku mwili umekakamaa ni onyo. Mbwa anayenguruma naye asipigwe kwa kunguruma. Akikatazwa onyo, siku nyingine atauma bila kulitoa. Wenye mbwa nao wakumbuke kwamba katika miji yetu wapo majirani Waislamu ambao mate ya mbwa huwatia najisi na kuwalazimu kuosha nguo na vyombo. Kumfunga mbwa asiingie uwanja wa mtu ni ujirani mwema wa kawaida, hata kama mbwa huyo ni mpole kama kondoo.

Wengi hutuuliza kwa nini basi mbwa wa Polisi huonekana watulivu kuliko wa majumbani. Mkazi wa Kampala amezoea kumwona mbwa akinusa magari kwenye milango ya hoteli na maduka makubwa, hasa tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 ya Kyadondo na Kabalagala, na labda ameona kwamba mbwa huyo hamjali mtu. Ni kwa sababu amechaguliwa yeye mwenyewe, si jina lake. Watoto wa tumbo moja, wenye baba na mama mmoja, hupimwa, na baadhi yao hukataliwa kwa sababu ni waoga au hawana hamu ya kutafuta. Aliyechaguliwa hufanya kazi na mwongozaji wake kwa miezi kabla ya kuingia kazini, na kwake kutafuta harufu ni mchezo wenye zawadi mwishoni. Mbwa mkali asiyezuilika hana kazi kwetu.

Mbwa huyo mtulivu hushindwa kazi mara nyingi kwa kosa letu sisi binadamu. Duka likivunjwa usiku, watu 50 hukanyaga sakafu kabla ya alfajiri, wakashika kufuli na kufagia vioo. Harufu ya mwizi huzikwa chini ya harufu za wenye huruma. Tunaomba mlango ufungwe, watu wakae mbali, kitu alichokiacha mwizi kisiguswe, na taarifa itolewe mapema, kwa kuwa jua kali na mvua kubwa hufuta njia. Na mbwa akielekea kwenye nyumba ya mtu, hiyo si hukumu. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Omondi, ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa tahadhari kubwa, na kwamba mahakama ielezwe kwanza jinsi mbwa alivyofunzwa na jinsi anavyoaminika. Mahakama za Uganda nazo zimeufuata mwongozo huo. Kwa hiyo wanaoivamia nyumba kwa sababu mbwa amesimama mlangoni hutenda kosa jipya juu ya lile la kwanza, na huenda wakamchomea nyumba mtu ambaye mwizi alipita tu uani kwake.

Kwa wale watakaonunua mbwa Kampala na kuvuka naye, au kumleta kutoka ng'ambo, utaratibu ni huu. Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi na kurudiwa kila mwaka. Daktari wa mifugo wa wilaya hutoa cheti. Anayeingia Uganda huhitaji pia kibali kutoka Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, pamoja na cheti cha afya cha nchi atokako, na anayetoka huulizia masharti ya nchi aendayo kabla ya kupakia mnyama garini. Kumpitisha mbwa kichochoroni usiku, ndani ya gunia, humpa mwenye mbwa faida ya fedha kidogo na humwondolea haki ya kulalamika akiibiwa. Cheti kina mahali pa kuandika jina la mbwa, umri, rangi na aina. Hapo kwenye aina, andikeni mnalolijua, na kama hamlijui, "wa kienyeji" inatosha. Ofisa wa mpakani hutazama kwanza tarehe ya chanjo.